Niliisikia U2 kwa miaka kumi na saba bila mpiga besi, hadi nilipofika Johannesburg

FundiSpika (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea redio dukani, hapa karibu na soko la Jubilee, na alipokuwa akisubiri akanionyesha kwenye simu yake video ya U2 wakitumbuiza ndani ya jumba la Sphere kule Las Vegas, ambako walifanya maonyesho 40 kati ya Septemba 2023 na Machi 2024. Aliniuliza kama nimewahi kuwasikia. Nilipomwambia kwamba niliwahi kusafiri siku nyingi kwa nchi kavu hadi Johannesburg, nikasimama mbele yao katika uwanja wa mpira, alicheka kwa adabu, kama vijana wanavyomcheka mzee anayedai kwamba aliwahi kuichezea Gor Mahia. Kicheko kile ndicho kilichonifanya nikae usiku huu niandike.

Kwa wasioifahamu, U2 ni bendi ya roki kutoka Dublin, Ayalandi, iliyoanza mwaka 1976 wakati mpiga ngoma Larry Mullen, akiwa bado mwanafunzi, alipobandika tangazo shuleni akitafuta wenzake wa kupiga nao muziki. Wanaojulikana ni wanne: Bono mwimbaji, mpiga gitaa ambaye watu wote humwita The Edge, Adam Clayton wa gitaa la besi, na Mullen mwenyewe. Huyo wa besi ndiye chanzo cha uzi huu, na mtaona sababu yake.

Niliipenda bendi hiyo mwaka 1994, nikiwa kidato cha pili. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa alikuja likizo na kanda ya kunakiliwa, upande mmoja Franco, upande wa pili albamu ya The Joshua Tree, ambayo ilitoka mwaka 1987. Aliyeinakili hakuwa mtu wa subira. Albamu ile hufunguliwa na wimbo Where the Streets Have No Name, ambao kinanda chake huinuka taratibu, kisha gitaa likaingia kwa mbali, na zaidi ya dakika moja na nusu hupita kabla ya Bono kufungua kinywa. Katika kanda yangu Bono alianza kuimba papo hapo, tena katikati ya neno, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba hawa ni watu wanaoingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi.

Redio yetu ilikuwa na spika moja ya inchi tatu na ilitumia mawe manne ya betri. Mawe yalipochoka, kanda ilizunguka polepole na Bono akawa na sauti ya mzee aliyelala homa. Ndipo tulipoyatoa, tukayaanika juu ya bati tangu saa nne hadi saa nane mchana, tukayarudisha yangali moto, na kwa malipo ya subira hiyo tukapata nyimbo tatu, pengine nne, kwa mwendo wake wa haki kabla sauti haijaanza tena kuzama. Hadi leo, nikiusikia wimbo wa tano wa albamu ile, kuna sehemu ya kichwa changu inayongoja Bono augue.

Jambo ambalo sikulitambua wakati ule, na ambalo nimekuja kulielewa kwa sababu ya kazi yangu, ni kwamba nilikuwa nikisikia watu watatu tu. Waya mnene wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ya inchi tatu iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki haina kifua cha kusukuma hewa nyingi kiasi hicho kwa mwendo wa taratibu kiasi hicho, kwa hiyo inachotoa ni kivuli cha noti, wala si noti yenyewe. Mimi nilifikiri kwamba muziki wa roki hauna besi. Nilikuwa na ushahidi: besi nilikuwa nikiijua vizuri, kwa kuwa kwetu Nyakach bendi ya benga ilipokuja matangani na jenereta yake, vikombe vilikuwa vikigongana kabatini katika nyumba ya tatu. Ikiwa wazungu hawa walikuwa na besi, nilijiambia, basi ningeisikia.

Baadaye, nikiwa tayari nimejifunza kazi ya ufundi, nilinunua jarida kuukuu kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, na humo nikasoma kwamba Adam Clayton aliishi Nairobi alipokuwa mtoto mdogo, kwani baba yake alikuwa rubani wa East African Airways, kabla ya familia kuhamia Malahide, karibu na Dublin. Nilisoma sentensi ile mara mbili nikiwa nimesimama. Katika bendi nzima, mtu pekee aliyevuta vumbi letu utotoni ndiye yule niliyekuwa sijawahi kumsikia.

Nitaendelea kesho jioni, umeme ukiruhusu.

MamaLanet (Nakuru)

Ndugu Fundi, nimesoma kwa raha, ila nina shaka moja ambayo ni afadhali niitoe mapema. Nilipokuwa chuoni Nairobi nilikwenda mara kadhaa kuwasikiliza Murfy's fLaw na Parking Lot Grass, bendi zetu wenyewe za roki, katika vyumba vidogo ambamo ulisimama hatua tatu kutoka kwa mpiga ngoma na jasho lake likakurukia usoni. Hiyo ndiyo maana ya kuiona bendi. Uwanja mkubwa wa mpira, kwa maoni yangu, ni mkutano wa hadhara wenye magitaa. Nashuku kwamba ulisafiri siku zote hizo ukaenda kutazama televisheni kubwa.

Nyanza_Benga (Homa Bay)

Jaduong', mzee wangu, salamu nyingi. Swali langu ni la nyumbani na naomba usilichukulie kwa ubaya. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, ambako besi hulia kama fahali, anapata wapi njaa ya kuvuka mipaka minne ili akaitafute besi kwa watu wa Dublin?

FundiSpika (Kisumu)

Nimerudi. Nitawajibu wote wawili, lakini nipeni kwanza nafasi ya kufika.

Mwishoni mwa mwaka 2010 binamu yangu anayeishi Johannesburg alinipigia simu akasema kwamba U2 wanakuja tarehe 13 Februari 2011, siku ya Jumapili, katika uwanja wa FNB ulio mpakani mwa Soweto. Hiyo ilikuwa mara yao ya pili tu kupiga Afrika Kusini, baada ya ile ya Machi 1998. Alininunulia tiketi ya kusimama, nami nikaahidi kumlipa kwa awamu, deni ambalo nililimaliza mwaka 2012. Nauli ya ndege sikuwa nayo. Nilipanda basi hadi Nairobi na Dar es Salaam, nikapanda treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, kisha mabasi kupitia Lusaka, Chirundu na Beitbridge, na katika kila mpaka niliulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano kabla ya kuulizwa jina. Njia ile ina uzi wake, si huu.

Uwanja wa FNB umejengwa kwa umbo la kibuyu, na ndio uliotumika katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2010, miezi saba tu kabla ya siku ninayoisimulia. Foleni ya tiketi za kusimama ilikuwa na desturi yake: mashabiki waliotangulia walikuwa wamejipangia daftari, na kila aliyefika aliandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito ili asije akaruka zamu. Yangu ilikuwa 611. Mama mmoja wa makamo kutoka Durban, ambaye aliwaona mwaka 1998, ndiye aliyeniandikia, na aliposikia nimetoka Kisumu kwa njia ya nchi kavu alinitazama kwa muda, kisha akanipa nusu ya mkate wake.

Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja, si upande mmoja kama tulivyozoea. Ziara ile, iliyoanzia Barcelona Juni 2009 na ambayo hadi kumalizika Julai 2011 ilikuwa na maonyesho 110, ilikuwa na jengo la chuma lenye miguu minne, urefu wake kama mita 50, lililosimama juu ya bendi mfano wa kaa mkubwa aliyeinuka juu ya kucha zake. Spika zilining'inizwa huko juu kwa pande zote, na katikati ikashuka skrini ya duara ambayo iliweza kutanuka hadi karibu imfikie mtu kichwani. Kulizunguka jukwaa palikuwa na njia ya duara ambayo wanamuziki walitembea juu yake, na watu waliotangulia kufika waliruhusiwa kusimama ndani ya duara hilo, kati ya njia na jukwaa. Namba 611 iliniingiza ndani.

MamaLanet, hapa ndipo ninapokukubalia nusu. Walipoanza, baada ya Amadou na Mariam wa Mali kutangulia, nilikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwa The Edge, nikiona hata kofia yake ilivyofifia rangi, na bado niligundua kwamba shingo yangu imeinama kuelekea kwenye skrini. Macho ya binadamu hufuata kitu kikubwa. Nilijikemea, nikayarudisha chini, yakapanda tena. Zaidi ya watu 94,000 walikuwemo uwanjani usiku ule na nadhani wengi wetu tulikuwa na tatizo hilo hilo. Jengo lile lilikuwa la ajabu, lakini mara nyingine lilikuwa kama mgeni wa heshima anayezungumza zaidi ya wenye harusi.

Tatizo langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni la fundi. Pale mbele besi ilikuwepo, tena ilikuwa nyingi kupita kiasi, lakini haikuwa na noti. Ilikuwa ngurumo. Niliisikia tumboni kama mtu anavyolisikia lori la mchanga likipita nje ya dirisha, na Clayton, ambaye nilikuwa nimemfuata kwa siku tisa, alikuwa anatembea mbele ya macho yangu akiwa na mvi zake na utulivu wake, vidole vikicheza, nami nisiweze kusema anapiga nini. Kila mtu wa kazi yangu anajua kwamba mahali pazuri pa kusikia si karibu na spika. Ni karibu na meza ya mafundi wa sauti, kwa sababu yule anayechanganya sauti huipanga kwa masikio yake mwenyewe, na masikio yake yako pale. Mkuu wa meza ile alikuwa Joe O'Herlihy, ambaye amefanya kazi na bendi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nilijua kwamba kama kuna mtu duniani anayeisikia besi ya Clayton inavyotakiwa kusikika, ni yeye.

Kwa hiyo, baada ya kusimama foleni tangu alfajiri ili niingie ndani ya duara, nilitoka. Yule mama wa Durban alinishika mkono akidhani ninaugua. Nilimwambia ninakwenda kusikiliza, naye akauliza kwani hapa nilikuwa nikifanya nini.

Mwalimu_Mumias

Fundi, usituache hapo. Na ukirudi, naomba utufafanulie kuhusu huyo mpiga gitaa. Mimi husikia magitaa matatu, ilhali picha zote zinamwonyesha yeye peke yake.

FundiSpika (Kisumu)

Mwalimu, siri yake ni mwangwi. The Edge hupitisha sauti ya gitaa katika kifaa kinachoirudia baada ya sehemu ndogo ya sekunde, na huipima sehemu hiyo ilingane na mapigo ya ngoma, ili marudio yajaze nafasi alizoziacha yeye. Anapiga kidogo, kifaa kinapiga kingi. Ndugu yangu Nyanza_Benga atanielewa nikisema hivi: katika benga gitaa la kwanza huuliza na la pili hujibu, kama watani wawili, kwa The Edge mtu huuliza, kisha akajijibu mwenyewe kabla hajamaliza swali. Nadhani ndiyo sababu masikio yangu ya Nyakach hayakumwona kuwa mgeni. Njaa unayoniuliza, ndugu yangu, ilianzia hapo: niliwapenda kwa sababu walifanana na nyumbani mahali nisipotarajia, halafu wakakosa kitu ambacho nyumbani hakikosekani, na jambo hilo likanisumbua.

Nirudi uwanjani. Nilisukumana na watu kwa muda wa nyimbo mbili, nikiomba radhi kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimenitoka kichwani, hadi nikafika karibu na uzio wa meza ya mafundi. Wakati huo huo Hugh Masekela alikuwa amepanda jukwaani na tarumbeta yake, katika wimbo wa I Still Haven't Found What I'm Looking For, na uwanja ukalipuka kwa namna ambayo haikuwa imetokea kwa Waayalandi wenyewe. Mtu aliyeishi uhamishoni miaka thelathini, akarudi mwaka 1990, anapuliza tarumbeta mpakani mwa Soweto: watu wazima walikuwa wakilia hadharani. Nami ninaona aibu kidogo kusema kwamba nilikuwa nimempa mgongo, nikitafuta mahali pa kusimama.

Kisha nikageuka, na pale kila kitu kilikuwa kimetengana. Ngoma ilikuwa mahali pake, gitaa mahali pake, na chini yao, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, palikuwa na sakafu. Sina neno jingine. Kuelekea mwisho walipopiga Where the Streets Have No Name, kinanda kiliinuka taratibu kwa zile sekunde zote ambazo mnakili wa Mombasa aliniibia, taa zikawaka, na Clayton alipoingia niligundua kwamba wimbo huo haukimbizwi na gitaa kama nilivyodhani. Gitaa linametameta juu, lakini anayekimbia ni yeye.

Ila wimbo uliomaliza safari yangu ulikuwa With or Without You. Mikrofoni ya duara, yenye taa, ilikuwa ikining'inia kutoka juu kwa kamba, Bono ameishika, na watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Mimi nilikuwa nikihesabu. Besi ya wimbo ule ina noti nne tu; kila noti hupigwa mara nane, ikafuata nyingine mara nane, zikiisha nne zinaanza upya, na mtu huyo huendelea hivyo karibu wimbo mzima bila kujionyesha, huku mwimbaji akinong'ona, akipanda, akipiga kelele, akianguka. Kwenye redio ya inchi tatu nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara elfu kama sauti ya mtu anayelalamika katika chumba kitupu. Kumbe chumba hakikuwa kitupu. Kulikuwa na mtu amekaa pembeni, anatikisa kichwa, anamwambia endelea.

Funguo za duka langu zilikuwa katika mfuko wa shati, kwa sababu sikuwa nimethubutu kumwachia mtu, na katika noti ya tatu, yaani kila ilipofika noti hiyo na si nyingine, zilikuwa zikigusana na kutoa mlio mdogo. Niliziweka kiganjani nikazishika hadi wimbo ukaisha. Wimbo wa mwisho, ambao watu waliwasha simu zao uwanja mzima ukawa kama Ziwa usiku wavuvi wa omena wakiwa kazini, sikuusikiliza vizuri. Nilikuwa nimeshiba.

MamaLanet (Nakuru)

Ninaondoa neno televisheni. Lile la mkutano wa hadhara linabaki.

Nyanza_Benga (Homa Bay)

Jaduong', nimekuelewa, na nitaongeza neno langu. Sisi tuliolelewa na redio ndogo tulidhulumiwa hata katika benga, kwani wanaoijua kwa redio tu hulisifu gitaa la kwanza, ilhali aliyecheza matangani atakuambia miguu yake ilifuata besi. Je, kanda ile ya mjomba ungali nayo? Uliijaribu tena ulipotoka huko?

FundiSpika (Kisumu)

Ninayo, na hilo ndilo jambo la kwanza nililolifanya. Nilifika Kisumu usiku, na asubuhi nikafungua duka, nikaunganisha dekki ya mteja ambaye hakuwa amekuja kuichukua, pamoja na amplifaya niliyoiunda mwenyewe na spika mbili za inchi kumi na tano zilizokuwa zikisubiri kupelekwa kanisani. Nikaweka upande wa pili. Bono aliingia bila hodi, katikati ya neno kama kawaida yake, na chini yake alikuwepo Clayton, amefifia, amekwaruzwa na kunakiliwa, lakini noti zote zilikuwemo. Zilikuwemo humo tangu mwaka 1994. Jirani yangu anayeuza vyombo vya plastiki alikuja mlangoni akauliza ni bendi gani hiyo mpya, nikamwambia akae.

Yeyote anayepita Kisumu anakaribishwa Jumamosi baada ya saa nane mchana. Jumapili huwa nimefunga. Uje na uvumilivu, kwani mpira unaozungusha dekki yangu umelegea na nimeagiza mwingine ambao haujafika, hivyo kwa sasa nyimbo tatu za mwanzo huenda kwa mwendo wa haki, kisha Bono huanza kuugua.